Kwa nini chanjo ya kipindupindu inatolewa dozi moja badala ya mbili?

Mwanafunzi wa uuguzi: Ndugu wanajukwaa, darasani tumefundishwa kwamba chanjo ya kumeza ya kipindupindu hutolewa kwa dozi mbili, lakini Zambia mwaka 2024 watu walipewa moja. Je, huo ni utaalamu mpya au ni uhaba?

Afisa afya: Ni uhaba, ndugu yangu. Oktoba 2022 chombo cha kimataifa kinachogawa akiba ya chanjo, kinachoundwa na WHO, UNICEF, Médecins Sans Frontières na Shirikisho la Msalaba Mwekundu, kilisitisha dozi ya pili katika milipuko ili watu wengi zaidi wapate angalau ya kwanza. Dozi mbili hukinga kwa takribani miaka 3. Moja hukinga kwa muda mfupi zaidi. Kufikia mwisho wa 2023 mtengenezaji mmoja wa India alikuwa ameacha kuizalisha, na mwaka uliofuata akiba ya dunia nzima ikategemea kampuni ya EuBiologics ya Korea Kusini peke yake. Inauma, kwa sababu ugonjwa wa maskini haukosi dawa bali hukosa soko.

Muuguzi wa wodini: Nakubaliana nawe, kaka, ila chanjo isitusahaulishe matibabu. Mlipuko wa Malawi ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700 kati ya wagonjwa wapatao 59,000, yaani karibu 3 katika kila 100, ilhali mgonjwa akiwahi kutibiwa vifo hushuka chini ya 1. Nako Lusaka, Zambia, walilazimika kugeuza uwanja wa mpira wa Heroes kuwa kituo cha tiba. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini yake, nasi hupima kilichomo kwenye ndoo ili tujue mgonjwa arudishiwe maji kiasi gani. Anayeharisha aanze kunywa ORS (maji yenye chumvi na sukari maalumu) nyumbani, kisha aendelee kuinywa njiani kuelekea kituoni.

Fundi wa maji: Mwanafunzi, katika mitaa kama Kanyama, Lusaka, visima vifupi viko jirani na vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikinyesha vyote hufurika pamoja. Mpango wa dunia wa mwaka 2017 uliahidi kupunguza vifo vya kipindupindu kwa asilimia 90 ifikapo 2030, lakini bajeti za mabomba na vyoo bado hazijafuata ahadi hiyo. Hata dozi zikirudi kuwa mbili, baada ya miaka 3 mtaa uleule utahitaji kuchanjwa upya ikiwa kisima ni kilekile.