Nguo za kwenye Sultan: tunagombania kifua cha Hürrem tu, mengine hatuyaoni?

Wadau, mjadala wa mavazi kwenye tamthilia za kihistoria naomba tuufanye vizuri leo, maana kila ukianza unaishia palepale, kifua cha Hürrem. Walioifuatilia Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya sultani Süleyman na mkewe Hürrem, pale Azam ilipotiwa sauti za Kiswahili wanakumbuka zile kelele. Huyu anasema haiwezekani mke wa sultani wa Kiislamu akavaa vile, yule anasema ni burudani tu, usipopenda badilisha chaneli.

Na siyo sisi peke yetu. Kwao Uturuki ilipoanza kuonyeshwa Januari 2011 malalamiko zaidi ya 70,000 yalienda kwa mamlaka ya utangazaji, halafu Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, akasema hadharani kwamba yule siyo Süleyman wanayemjua wao, Süleyman halisi alikaa miaka 30 juu ya farasi.

Mi naona pande zote mbili zimeshika pasipo penyewe. Ndani ya harem, yaani makazi ya wanawake kwenye kasri, mwanamke hakuwa anavaa kama anayetoka barabarani, mle hamna wanaume wa nje, wapo watoto, wajakazi na matowashi, na nguo zenyewe zilikuwa shumizi nyembamba, suruali pana na juu yake joho refu la hariri lenye vifungo mbele, kwa hiyo shingo kuonekana siyo ajabu kihivyo. Kosa kubwa liko kwenye ukataji. Angalieni vizuri magauni ya Hürrem, yamebana kifua na kiuno halafu yanamwagika chini kama ya malkia wa Uingereza au Ufaransa, na kichwani kawekwa taji la vito la Kizungu wakati wanawake wa ile kasri walivaa vikofia na ushungi mwepesi, na manyoya na vito vikibanwa hapohapo kwenye kofia. Yaani watu wamekasirikia ngozi wakati mwanamke mzima kageuzwa Mzungu mbele ya macho yao na hakuna aliyelalamika!

Nakubali mbunifu alikuwa na kazi ngumu. Wachoraji wa Ulaya hawakuingia harem, zile picha za Hürrem tunazoziona wamechora kwa kusikia tu. Ila kwa wanaume hakuna kisingizio kabisa, kwa sababu sultani akifa nguo zake zilikuwa zinafungwa kwenye mabunda zinaandikwa jina na kutunzwa, ndo maana mpaka leo kwenye kasri la Topkapı pale Istanbul kuna majoho ya masultani kwa mamia. Yapo yenye mikono mirefu inayokaribia kufika chini, mkono wa mtu unatokea kwenye mpasuo wa begani na ule wa nguo unabaki unaning'inia nyuma kwa ajili ya heshima tu, huwezi kufanyia kazi yoyote umevaa hivyo. Hapo unamjua mtu kabla hajafungua mdomo. Na sultani alikuwa anawavisha majoho mawaziri na mabalozi, ubora wa kitambaa unaonyesha daraja lako, kwa hiyo Ibrahim Pasha anavyopanda kutoka mtumwa mpaka waziri mkuu hadi kunyongwa 1536, hadithi yote ungeweza kuisoma mwilini mwake. Kwenye tamthilia kila mtu anang'aa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Sasa kuna wanaosema mtazamaji wa kawaida hajali mambo hayo, anataka mapenzi na fitina. Siamini. Mtazamaji wa kwetu anajua sana nguo, bibi yangu akiona leso tu anakuambia huyu ametoka harusini au msibani.

Na hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu siku moja mtu atatengeneza tamthilia kubwa ya Zanzibar ya masultani wake kina Sayyid Said na Barghash na naogopa sana tutakachokiona. Nina uhakika mtu atamvalisha kila mwanamke buibui kwa sababu ndo tunavyoijua Zanzibar ya zamani, wakati buibui limeenea mwanzoni mwa karne ya 20. Salme, yule binti wa sultani aliyezaliwa 1844, kwenye picha yuko na barakoa ya Kiomani ya kufunika uso na suruali iliyotarizwa. Mtumwa alivaa vitambaa vya bei rahisi, kaniki nyeusi au merikani, kichwa wazi, miguu peku, hakuruhusiwa kujifunika kama waungwana. Ndo maana baada ya utumwa kufutwa kisheria 1897 watu walikimbilia kanga, ukaya wa kichwani, baadaye buibui, na wanaume kofia na kanzu. Kujifunika kichwa kulikuwa ni kusema mimi sasa siyo mali ya mtu. Ukimfunika mjakazi wa 1860 kwa sababu ya maadili ya leo umemnyang'anya hiyo siku yake, wajukuu zake wanaoangalia hawatajua kwamba kulikuwa na kitu cha kupigania.

Bajeti isisemwe hapa, kaniki haina gharama kuliko satini ya dukani. Kinachohitajika ni mtu wa historia akae na fundi kabla kitambaa hakijakatwa, na dairekta akubali kusikiliza.

Kwa hiyo wale wa "nguo ni urembo tu" naomba mnijibu hili kwanza: bibi na mjakazi wake wakisimama pamoja kwenye sini, wote mmewavalisha sawasawa, mtazamaji atajuaje nani anamiliki nani?