Hadithi za mazingira zisizomfanya mzazi wa mtoto kuwa adui

Mwalimu wa Gredi ya Tatu, Kisumu

Walimu na wazazi wenzangu, naomba ushauri. Wiki iliyopita niliwasomea wanafunzi wangu kitabu chembamba cha Kiswahili kuhusu utunzaji wa misitu, ambamo mchoma makaa amechorwa macho yamemtoka, shoka begani, na wanyama wote wanamkimbia. Darasa lilicheka. Msichana mmoja aketiye karibu na dirisha hakucheka; aliinamia dawati akawa anakwangua ukucha. Mama yake huuza makaa kwa mkebe wa rangi kando ya njia tunayopita sote asubuhi, na madaftari yake hununuliwa kwa fedha hizo hizo. Jirani yake alipomuuliza kama mama yake naye hufukuza wanyama, sikuwa na neno la kusema.

Sina nia ya kuacha kufundisha kwamba ukataji wa miti ovyo huharibu vyanzo vya maji. Hata hivyo, vitabu vingi nilivyo navyo ni amri tupu: usitupe taka, usikate mti, funga mfereji. Je, mnafahamu hadithi zinazofundisha jambo hili kwa njia nyingine?

Mkutubi, Nakuru

Pole, Mwalimu. Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alimalizia hotuba yake kwa kukumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikokuwa akimtekea mama yake maji. Alicheza kati ya majani ya nduma akijaribu kuokota nyuzi za mayai ya vyura, akidhani ni shanga, na kila alipopitisha vidole chini yake zilikatika. Baadaye aliona viluwiluwi vikijipindapinda katika maji maangavu. Kijito hicho, alisema, kilikuwa kimekauka. Mtoto akishaziona shanga zile akilini, huhitaji kumwamuru chochote.

Katika *Mama Miti*, kitabu cha Donna Jo Napoli kilichochorwa na Kadir Nelson mwaka 2010, wanawake wanamjia Wangari kila mmoja na shida yake, na kila mmoja anaelekezwa mti wa kupanda. Asiye na kuni anapewa mti unaofaa kwa kuni. Kuni hapo ni hitaji, si dhambi. Ajabu ni kwamba, licha ya jina lake, kitabu chenyewe ni cha Kiingereza na kilitoka Marekani, kwa hiyo mimi huwasomea watoto nikitafsiri papo hapo. Tovuti ya African Storybook nayo ina hadithi nyingi za bure, za Kiswahili zikiwemo, na inaruhusu mwalimu kuchapisha, kutafsiri au kutunga yake.

Ila chunguza picha. Huku kwetu watoto huona vitabuni ziwa lililojaa heroe, yaani flamingo, kisha wakienda kulitazama hukuta ndege wachache. Maji ya Ziwa Nakuru yaliongezeka sana, chumvi ikazimuka, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Mtoto mmoja aliniuliza ni kipi kinachodanganya, kitabu au ziwa.

Mzazi, Kakamega

Naomba kutofautiana kidogo na Mkutubi. Sisi tunaishi kando ya msitu ambao ni masalio ya msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo, na watoto wetu huuona moshi wa tanuri kwa macho yao. Tukimwondoa kabisa mchoma makaa hadithini, watajua kwamba tumewaficha kitu. Kosa la kitabu kile ni kumchora peke yake. Wako wapi anayesafirisha magunia, mwenye hoteli, na mimi ninayebandika maharagwe jikoni tangu saa tisa? Ningependa hadithi inayoanzia kwenye sufuria na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi msituni, ikaonyesha pia kwamba sheria ya misitu ya mwaka 2016 inatambua vyama vya wanajamii wanaoshiriki kuutunza msitu na kunufaika nao. Mama wa msichana huyo atakuwamo, lakini nasi tutakuwamo.

Mvuvi mstaafu, Dunga

Mwalimu, adui unayemtafuta anaelea hapo karibu nawe. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa ajili ya maua yake ya zambarau, na kufikia mwaka 1990 hivi lilikuwa limeingia Ziwa Victoria. Tumewahi kuamka tukakuta mashua zimefungiwa pwani, usijue maji yameishia wapi. Mwaka 1997 walianza kuachiliwa huku fukusi walao mmea huo, wadudu wadogo kama punje ya mchele. Chukua jani moja, uligeuzegeuze: utaona vidonda vidogo vya mraba walipokwangua. Wamesaidia, ingawa hawakulimaliza, kwa sababu maji machafu ya mijini na mbolea inayoteremka na mito hulilisha kila siku. Hadithi ya ua zuri na mdudu mdogo ingewatosha watoto wa Gredi ya Tatu, na hapo ndipo pa kuuliza mbolea ilitoka shamba la nani.

Mwalimu wa Gredi ya Tatu, Kisumu

Nashukuru sana. Hoja ya Mzazi wa Kakamega imenichoma, kwa maana mimi mwenyewe ni mteja wa mama huyo. Nitaanza na fukusi, kisha tutatunga pamoja darasani hadithi ya sufuria, kila mtoto akichora anayemjua. Mzee, nina watoto thelathini na wanane. Ni wapi wanaweza kushika majani hayo bila hatari?

Mvuvi mstaafu, Dunga

Wasikanyage maji kabisa, kwa sababu ya kichocho na viboko. Majani yanayosukumwa na upepo hadi ufukweni yanatosha. Waje asubuhi, na kila mmoja abebe gazeti la kulifungia jani lake.