Watoto wa soka wanatoka saba kwa saba kwenda tisa kwa tisa, wanarundikana: naomba ushauri

Mwana Mikindani: Habari za jioni wakuu. Nina watoto 18 wa miaka 10 na 11. Wamezoea saba kwa saba, sasa wanatakiwa kucheza tisa kwa tisa. Uwanja wetu ni mchanga. Wote wanaufuata mpira kama siafu, kipa anaganda mstarini, na mabao yanakataliwa kwa kuotea bila wao kuelewa kosa. Nianzie wapi?

Kiungo Mkabaji: Anzia kwenye kamba ya kupimia, mwalimu. Kwa vipimo vya FA, chama cha soka cha England, saba kwa saba ni mita 55 kwa 37, tisa kwa tisa ni 73 kwa 46. Gawanya kwa idadi ya wachezaji: kila mtoto alikuwa na mita za mraba 145, sasa ana karibu 187. Zamani mtoto aliyeukimbilia mpira aliufikia. Sasa anafika umeshaondoka, anabaki akihema.

Usivunje wanachokijua. Kama walicheza 2-3-1 (mabeki wawili, viungo watatu, mshambuliaji mmoja), ongeza beki mmoja katikati na mshambuliaji mmoja, iwe 3-3-2. Kisha gawa uwanja kwa urefu, njia tatu za mita 15 hivi. Chora kwa majivu yaliyoloweshwa kidogo, upepo wa kusi usiyapeperushe. Chokaa isiyozimwa usiguse, inaunguza ngozi na macho. Sheria ni moja: timu yenye mpira lazima iwe na mtu katika kila njia. Wakirundikana, piga filimbi, wote wasimame palepale, waulize nani yuko peke yake. Usiwaelekeze kwa kelele mpira ukiwa unatembea. Watasikiliza sauti yako badala ya kutazama uwanja.

Kuhusu mchanga: mpira ukitua kwenye mchanga mkavu unachimba kijishimo na kufia hapo. Pasi ya kutambaa ardhini ya mita 15 haifiki, ndipo watoto wanapoanza kubutua. Wapange mita 8 hadi 10 kati ya mtu na mtu. Tumia mpira namba 4, ulio mdogo kuliko wa wakubwa, hata kama mtu atakupa namba 5 bure.

Dada Shangani: Kipa hagandi kwa woga tu, kaka. Goli limekua kutoka mita 3.66 kwa 1.83 hadi 4.88 kwa 2.13. Akibaki mstarini, pembe zote mbili ziko wazi. Mpira ukiwa mbele ya goli, asogee hatua mbili tatu kuelekea kwa mpigaji. Funga kamba mbili kutoka kwenye milingoti hadi kwenye mpira, mwonyeshe kwa macho jinsi nafasi inavyopungua akisogea.

Kuotea wafundishe wakitembea. Pasi inapopigwa, mtu aliye nusu ya wapinzani asiwe karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida wa mwisho ndiye kipa. Kona, mpira wa kurusha na mpira wa goli hazina kuotea. Hilo la mwisho ndilo wanalosahau.

Mwana Mikindani: Ahsanteni sana. Ila eneo letu lina urefu wa mita 70 tu, mwisho wake kuna mkorosho.

Kiungo Mkabaji: Acha mita 3 kila mwisho kwa usalama, chora 64 kwa 40. Hapo tisa kwa tisa inampa kila mtoto mita za mraba 142, yaani umerudi kulekule kwenye saba. Kwa hiyo mazoezini chezesha nane kwa nane, apate 160. Wawili waliobaki wasimame nje, mmoja kila mstari wa pembeni, wapokee na kurudisha pasi kwa timu yoyote yenye mpira. Wabadilishe kila dakika 5. Watoto wataanza kutazama pembeni wenyewe, kwa sababu pembeni daima kuna mtu aliye wazi.