Msingi wa ukuta kwenye kiwanja cha mteremko: Revit, Archicad au nibaki SketchUp?

mchora_ramani
Wakuu, salaam. Nina nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, kiwanja kiko Mwanza, kinashuka kama mita 1.5 kutoka nyuma hadi mbele. Zege la chini la msingi ni upana 600 mm, unene 250 mm, juu yake ukuta wa mawe mpaka usawa wa jamvi (sakafu ya zege). Nimezoea programu ya kuchora ya SketchUp, ila mteja anataka idadi ya vifaa itoke kwenye modeli, na injinia kaomba faili la IFC (muundo wa faili unaofunguka kwenye programu tofauti za ujenzi). Nihamie wapi?

bim_dodoma
Revit, mkuu. Ina zana yake ya msingi wa ukuta: unabofya ukuta, zege linajipachika chini yake. Ukisogeza ukuta, msingi unafuata. Ukiufuta, nao unaondoka. Ila ule ukuta wa mawe uchore peke yake, usiwe mwendelezo wa tofali za juu, halafu zege ulipachike kwenye huo wa mawe.

mama_vipimo
Mimi ni mkadiriaji, nasemea kwenye kona tu, maana ndiko hesabu zinakoharibika. Kwenye SketchUp watu huchora kila upande kama boksi lake, urefu wa nje hadi nje. Kona moja kwa vipimo vyako ni 0.6 × 0.6 × 0.25, yaani mita za ujazo 0.09 umezihesabu mara mbili. Nyumba yenye kona 8 inakula 0.72. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko ya saruji minne na ushee ambayo haina kazi. Ukibaki SketchUp, unganisha maboksi yote yawe umbo moja lililofungwa ndipo usome ujazo.

kipimo_sahihi
Archicad nayo isidharauliwe. Haina zana ya msingi kwa jina hilo, lakini unachora mkato mmoja wenye zege la kusawazisha, zege la chini na mawe, kila kimoja na malighafi yake, kisha unautembeza kama ukuta au boriti. Jedwali linakutolea ujazo wa kila malighafi. Kona zinajikata zenyewe kufuata kipaumbele cha malighafi, kwa hiyo tatizo la dada mkadiriaji halipo. Kabla ya kutoa IFC, badilisha uainishaji uwe msingi (IfcFooting), la sivyo injinia ataletewa boriti iliyofukiwa ardhini.

mchora_ramani
Na ngazi za mteremko je, yaani msingi unaposhuka hatua kwa hatua? Hapo ndipo naogopa.

bim_dodoma
Hapo hakuna programu ya kukufanyia. Mwongozo wa kanuni za ujenzi wa Uingereza, Approved Document A, unasema msingi wa juu upishane na wa chini kwa mara mbili ya kimo cha ngazi, au unene wa msingi, au 300 mm, kile kilicho kikubwa. Na kimo cha ngazi kisizidi unene wa zege. Kwa hiyo ngazi yako ni 250 mm, kupishana 500 mm. Kwenye Revit kata ukuta wa mawe pale msingi wa juu unapoishia, kila kipande kipe kina chake, kisha vuta ncha ya zege la chini liingie 500 mm chini ya lile la juu. Mteremko wa 1.5 ni ngazi sita hivi, kazi ya nusu saa.

kipimo_sahihi
Archicad ni vilevile, kukata vipande. Kwa hilo sibishani.

fundi_mawe
Injinia akubali kwanza hizo ngazi jamani. Huku Mwanza unachimba futi mbili unakutana na jabali, ngazi zote zinabadilika siku hiyohiyo.

mama_vipimo
Ndiyo maana nashauri Revit kwa kazi hii. Jabali likitokea unabadilisha kina cha kipande kimoja cha ukuta, zege linapanda nalo na jedwali linajirekebisha. Cha kukumbuka ni kuikagua tena ile milimita 500.

mchora_ramani
Basi naanza na Revit. Nasubiri mashimo ya majaribio yachimbwe kabla sijakata ukuta wowote.