Kwa nini Waingereza waliondoka Gaza Machi 1917 na walikuwa washaingia ndani?

mkaazi_majengo
Asalam aleikum wenzangu. Kuna mzee barazani kwetu ashikilia kuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walishindwa Gaza 1917 kwa vile Waturuki waliwazidi nguvu, basi. Mie nimesoma kidogo naona haiji, maanake tarehe 26 Machi jioni askari wao wa miguu walikuwa washachukua kilima cha Ali Muntar kilicho juu ya mji, na wale wa farasi wa Australia na New Zealand washaingia mitaani kutokea kaskazini, halafu ikatoka amri rudini nyuma. Sasa nani ashinda kisha aondoka? Wengine wasema ni maji. Anayejua anieleze kwa kituo.

fundi_changamwe
Waaleikum salam. Maji ni kweli kabisa, tena usiyachukulie rahisi. Jeshi la Jenerali Murray lilitoka Misri likavuka jangwa lote la Sinai kwa kujenga reli na bomba la maji kutoka Qantara kwenye mfereji wa Suez, maji ya mto Nile yasafishwa yasukumwa mpaka mchangani, kwa hivyo jeshi lilikuwa halikimbii kuliko reli yake. Mwezi huo wa Machi reli ilikuwa ndiyo kwanza inafika Rafah. Kuanzia hapo mbele maji yabebwa na ngamia, tangi za bati huku na huku mgongoni. Sisi wa Mombasa bomba la Mzima likikatika siku mbili tu mji mzima waishi kwa mikokoteni ya mitungi, sasa hapo hebu fikiria maelfu ya farasi ambao kila mmoja ataka ndoo kwa ndoo na jua lawaka.

Ndio mpango wao ulikuwa Gaza ianguke kabla ya magharibi, isipoanguka farasi warudi kunywa. Na siku yenyewe ikaanza vibaya, alfajiri ukungu mzito hata mtu haoni mbele, saa zikapotea, divisheni ya 53, ndio wale askari wa miguu, haikuanza kushambulia mpaka karibu saa sita mchana. Hapo washakula nusu ya siku.

bint_kibokoni
Kaka fundi nakuheshimu ila maji ni nusu ya hadithi, na hiyo nusu nyingine ndiyo yaumiza. Baadhi ya wale farasi walipata maji mchana huo huo. Kilichowaua ni habari kuchelewa. Chetwode, mkuu wa kikosi cha mbele, alitoa amri ya kurudi muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, bosi wake Dobell akaikubali, na wote wawili hawajapata habari kuwa Ali Muntar ndiyo yaanguka dakika zile zile. Watu wako ndani ya mji wakata nyua za mpungate kwa singe ili wapite, asubuhi washamkamata mpaka jenerali wa Kituruki akiwa kwenye gari lake la farasi, waambiwa ondokeni. Chaytor, mkuu wa farasi wa New Zealand, hakukubali mpaka aletewe amri kwa maandishi.

Na upande wa pili je? Kamanda wa mji, Tiller, alikuwa ashamtumia Kress von Kressenstein, Mjerumani aliyeongoza majeshi ya Kituruki huko, ujumbe wa redio kuwa mambo yameharibika. Kress akaamini Gaza imekwenda, akawasimamisha njiani askari wa msaada, wakalala huko huko. Yani msaada ambao Waingereza wauogopa ndio umesimama! Waingereza waliunasa ule ujumbe, lakini ukamfikia Dobell usiku, watu wako njiani warudi gizani. Kesho yake asubuhi wakajaribu kukirudia kilima, Waturuki wakawatoa. Waingereza karibu 4,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kwa hivyo mwambie mzee wako Waturuki walipigana vizuri sana, hilo halina ubishi, ila mji ule siku ile waliachiwa.

mkaazi_majengo
Subhanallah. Na mbona basi wakarudi tena mwezi wa nne mahali pale pale?

fundi_changamwe
Kwa sababu Murray aliandikia London kana kwamba ameshinda, akasema Waturuki wamepoteza watu 6,000 mpaka 7,000, kumbe kweli Waturuki walipoteza kama 2,400 tu. London kusikia hivyo wakamwambia haya songa mbele mpaka Jerusalem. Waturuki nao hawakulala, wakachimba mahandaki kutoka Gaza kuelekea Beersheba, mji wa visima ulioko bara. Tarehe 17 hadi 19 Aprili wakashambuliwa uso kwa uso, kwa vifaru 8 na makombora ya gesi ya sumu, na bado ikawa kazi bure, Waingereza zaidi ya 6,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Murray akaondolewa, Juni akaja Allenby. Huyo akaanza na visima, Beersheba tarehe 31 Oktoba, na Gaza ikachukuliwa 7 Novemba.

bint_kibokoni
Naongeza moja ambalo husahaulika. Wale ngamia wa maji walikuwa na watu wa kuwaongoza, Wamisri wa mashambani, maelfu kwa maelfu, na kadri vita vilivyoendelea wengi wakachukuliwa kwa nguvu vijijini, kama vile mwaka ule ule hapa kwetu watu walivyokamatwa kuwa wapagazi wa jeshi hilo hilo la Mwingereza kupigana na Mjerumani Tanganyika. Misri ilipolipuka 1919 kumpinga Mwingereza, machungu ya kazi ile yalikuwa ndani yake. Ukitafuta vitabu vya vita hivi angalia kama wametajwa, vingi vyawahesabu ngamia na kuwaacha watu.