Kisu chembamba cha kukunja kimeacha kutengenezwa, na madukani wanatubambikia vinene tusivyovitaka

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Kazi yangu ni kubebesha miche ya machungwa huku Muheza, yaani kupandikiza jicho (chipukizi) la mchungwa kwenye shina la mlimau. Kwa miaka 13 nimetumia kisu kimoja cha kukunja: bapa la sentimita 7, mpini wa chuma, na kikishafungwa unene wake wote haufiki milimita 8. Nakitia mfuko wa shati na hakinilemei kutwa nzima. Sasa bapa limeliwa na kinoo mpaka limebaki kama jani la mchaichai, ribiti imelegea, ukikata linacheza. Nikaenda kutafuta kingine. Naambiwa kiwanda kimeacha kukitengeneza. Hawakutangaza, hawakuleta kingine cha aina ile, na hata ribiti ya kubadilisha haipatikani.

Hilo peke yake ningelivumilia. Kilichonichoma ni wauzaji. Nimezunguka Tanga mjini, nimepanda basi mpaka Kariakoo, kila duka jibu ni lile lile: "Chukua hiki, ndiyo toleo jipya." Unapewa kitu kinene kama kiberiti, kizito, cheusi, kina meno ya msumeno na picha ya fuvu la mtu. Mimi sitafuti silaha! Nikimwambia muuzaji nataka chembamba, ananijibu kinene ndiyo imara. Imara kwa kazi gani?

Duka moja wakanitolea chenye jina lile lile la kisu changu limegongwa kwenye bapa. Nikafurahi, nikalipa 35,000. Kumbe feki. Makali hayakai hata miche kumi. Nilibebesha miche 40, ikashika 11. Kwa kisu changu cha zamani, katika 40 nikipoteza sana ni minne. Niliporudi dukani nikaonyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Miche 29, na vikonyo (vijiti vya mchungwa vya kukatia macho) nilivyovifuata kwa miguu kwenye shamba la mtu, vyote vimepotea kwa sababu mtu mzima ameamua kunidanganya huku ananitazama usoni.

Kwa wasioijua kazi hii niwaeleze kwa nini unene ni jambo kubwa. Unachanja ganda la shina la mlimau kwa umbo la herufi T, unalibandua taratibu bila kugusa mti wa ndani, kisha unachopeka jicho la mchungwa. Jicho lenyewe lazima likatwe kwa mkato mmoja, laini, bila kusitasita. Bapa nene linapasua badala ya kukata. Ganda linachubuka, jicho halilali vizuri kwenye shina, hewa inaingia, na baada ya wiki tatu ukifungua nailoni uliyolifungia unakuta jicho jeusi.

Msiniambie nitumie wembe, nimeutumia. Unapinda katikati ya mkato, na kovu la kidole cha shahada ninalo mpaka leo.

Nimeulizia mbadala kwa watu na nimesoma sana. Opinel namba 8 ya Ufaransa ina bapa jembamba la sentimita 8.5 na pete ya kufungia, kwa kukata sina neno nayo. Lakini mpini ni wa mti na wa mviringo. Mfukoni unatuna, na mti ukilowa unavimba, kisu kinakuwa kigumu kufunguka. Mimi nafanya kazi kwenye mvua. Douk-Douk, ya Wafaransa pia, ni nyembamba kweli kweli, mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, ila haina kufuli. Ninapovuta makali kuelekea dole gumba nataka bapa lisijifunge kwenye vidole vyangu.

Kinachonivutia zaidi ni Mercator ya Solingen, Ujerumani, ile yenye picha ya paka na maandishi K55K. Mpini bati, bapa jembamba, kufuli mgongoni. Na hiki ndicho kinachonitia uchungu: kiwanda chake cha kwanza kilifungwa, lakini kampuni ya Otter wakaichukua kazi na kisu kinaendelea kutoka mpaka leo. Hata jeshi la Uswisi lilipoacha kisu chake cha mfano wa 1961 na kuchukua kikubwa cha milimita 111 mwaka 2008, kampuni ya Victorinox waliendelea kuuza Pioneer, ya milimita 93, karibu sawa na kile cha zamani. Kwa hiyo inawezekana kabisa kutomtupa mteja!

Ninachoomba, wakuu: aliyewahi kuitumia Mercator kwa kubebesha aniambie inanoleka upande mmoja bila taabu? Nataka ya chuma kisichoshika kutu, maana kila nikimaliza mti nafuta bapa kwa Jik nisihamishe ugonjwa. Na kama kuna ndugu aliyeko Ujerumani anakuja Tanga au Dar karibuni, aniandikie, hela natuma kabla. Kama kuna duka hapa nchini lenye cha kweli nielekezeni, nitakuja na kikonyo nikijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Mvua imeanza, ganda linabanduka vizuri sasa hivi. Nina miche 600 ya mlimau imefika unene wa penseli, na vikonyo viko kwenye gunia bichi kivulini. Siku chache tu vitakauka.