Naomba ushauri: misuli laini haichambuki kwa ajili ya hadubini

Wadau wa baiolojia, habari za kazi. Vitendo vya tishu kwa wanafunzi wa sekondari hapa Tanga vimekwama kwenye misuli laini.

Seli za ndani ya shavu hazisumbui: tone 1 la rangi ya methilini buluu, dakika 2, kifuniko kinashushwa kwa mshazari mapovu yasiingie. Nyama ya paja la mbuzi kutoka bucha la Ngamiani nayo, ukiichambua kwa sindano 2 kwenye maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita), inaonyesha mistari ya kukingama kwa ukuzaji wa mara 400. Inapendeza kweli!

Shida ni utumbo. Tunautumia kwa sababu misuli laini ndiyo iliyo kwenye kuta za utumbo, kibofu na mishipa ya damu ya binadamu. Seli zake, nyembamba zenye ncha huku na huku, zimeshikwa na tishu unganishi, hivyo sindano inatoa vibonge vinene visivyopitisha mwanga. Asidi ya nitriki ya asilimia 20 hulegeza tishu hiyo, lakini inaunguza ngozi na mvuke wake hudhuru mapafu. Kuwapa watoto siwezi.

Aliyewahi kutumia siki badala ya asidi hiyo akapata seli mojamoja, aliloweka kwa saa ngapi? Na utando wa ndani aliukwangua kwanza?